Kliniki ya ini ya Jumamosi hapa Dodoma: ukifika wanakuuliza kwanza, homa ya ini ipi?

Nianze na hukumu yenyewe ili asiye na muda aishie hapa. Nawapa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja waliyoikosa ni ya foleni na majibu kuchelewa, sio ya utaalamu. Nazungumzia kliniki ya ini inayofanyika Jumamosi kwenye kituo kimoja cha binafsi hapa Dodoma mjini. Jina siliandiki kwasababu mdogo wangu anatibiwa pale na wanaotufahamu wataunganisha haraka sana, ila nitaeleza walichofanya ili hata ukienda kwingine ujue cha kudai.

Kitu kilichonifanya niandike ni kwamba pale ukiingia na kauli ya "nimeambiwa nina homa ya ini" hawaendelei na chochote mpaka ijulikane ni ipi. B? C? B ambayo imepandiwa na D? Swali linaonekana dogo ila ndo swali ambalo mdogo wangu hakuulizwa na mtu yeyote kule alikoanzia. Yeye alienda kuchangia damu, baadae akaitwa akaambiwa damu yake haiwezi kutumika akapime zaidi, akaenda sehemu ya karibu na kwake (sio hii ninayoisifia), wakamtoboa kidole, wakadondosha damu kwenye kile kikadi, mistari miwili ikatokea, akaambiwa "una homa ya ini, jitahidi kula matunda". Basi. Muda si mrefu nyumba ikajaa chupa, shangazi kaleta yake, jirani kaleta yake, na kuna ile inayouzwa stendi na ndani ya mabasi imeandikwa inatibu homa zote za ini. Na yeye akaanza kujitenga, sahani yake, kikombe chake, mtoto wa dada yetu akimkimbilia anamkwepa. Inauma sana kumuangalia mtu mzima anamkimbia mtoto.

Sasa kliniki yenyewe. Usajili unaenda haraka, bei zimebandikwa ukutani kwahiyo hakuna kuviziana, nesi wa mapokezi anaongea Kigogo vizuri na wazee waliotoka Mvumi na Chamwino nikaona anawaelewesha kwa lugha yao bila kuwaharakisha. Maabara wakamtoa damu kwenye mshipa, kichupa chenye mfuniko wa zambarau na kingine, wakaandika jina mbele yake wakamuonyesha asome. Wakapima B, wakapima C, wakapima na vile vipimo vya ini kuona kama seli zinaumia, halafu akalala kwenye ultrasaundi. Siku hiyohiyo tukaambiwa ni B na C hamna, ila kipimo cha wingi wa virusi, ile vairo lodi, sampuli inasafirishwa, hiyo ukasubiri.

Hapo ndo mdogo wangu akauliza kitu kilichokuwa kinamkaba. Akasema dokta, nina rafiki yangu aliugua homa ya ini huko Dar, akameza vidonge miezi mitatu akaambiwa amepona kabisa, mbona mimi naambiwa hii ni ya kuishi nayo, au kwasababu sina hela? Madaktari wengi hapo wangemjibu "magonjwa tofauti" wakaita mgonjwa anayefuata. Huyu mama (ni dokta wa kike, mtu mzima) akaichukua fomu ya vipimo akaigeuza upande mweupe, akachora duara kubwa na duara dogo ndani yake, akasema hii ni seli ya ini na hiki kidogo ni kiini chake, sasa ngoja nikuonyeshe hao wageni wawili wanavyoishi humu. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, nilisogeza kiti.

Ninachoeleza hapa nimechanganya aliyosema yeye na niliyoyasoma baadae maana aliniwasha moto. Jeni zetu zinatolewa nakala ya RNA, hiyo nakala inasomwa na protini inatengenezwa. Lakini kuna vipande vya RNA vifupi mno, herufi kama 22 tu, vyenyewe havitengenezi protini yoyote, vinaitwa maikroRNA, kazi yake ni kwenda kushikana na zile nakala ndefu na kuzizuia zisisomwe sana au kufanya zivunjwe mapema, yaani seli inavitumia kupima kiasi. Vya kwanza viligunduliwa mwaka 1993 kwenye mnyoo mdogo wa kama milimita moja, na Victor Ambros na Gary Ruvkun wakapewa Nobel ya tiba mwaka 2024 kwa kazi hiyo. Ini lina ya kwake inaitwa miR-122. Kwenye ini hiyo peke yake ni karibu 70% ya maikroRNA zote, viungo vingine karibu hakuna, na kazi yake ya kila siku ni kusimamia mambo ya kolesteroli na mafuta na kuifanya seli ya ini ibaki na tabia za seli ya ini.

Sasa hapa ndo patamu. Virusi B na C vyote vinaishi kwenye seli ileile, vyote vinakutana na miR-122 ileile, lakini mmoja anaitegemea na mwingine inamkandamiza.

Kirusi C ni uzi wa RNA wa herufi kama 9,600. RNA zetu wenyewe zina kinga ya kemikali pale mwanzoni mwa uzi, ya C haina, kwahiyo vimeng'enya (enzaimu) vya seli, mfano kile kinaitwa Xrn1, vinaanzia kuula pale mwanzoni kama panya anavyoanzia kona ya gunia la uwele. Ila hapohapo mwanzoni kirusi kina sehemu mbili ambazo miR-122 inakaa vizuri, ikija na protini yake inaitwa Ago2 inafunika ule mwanzo, vimeng'enya havipati pa kushika, na uzi wenyewe unajikunja kwa namna inayofanya usomwe vizuri kutengeneza protini za kirusi. Angalia hiyo kitu, maikroRNA ambayo kwa kawaida ikishika RNA inaidhoofisha, kwa C inamlinda. Hii ilionyeshwa mwaka 2005 na Catherine Jopling, Peter Sarnow na wenzao, ukiondoa miR-122 kwenye seli basi RNA ya C inashuka sana.

Watu wakafikiria haraka, kwanini tusimnyang'anye? Wakatengeneza dawa inaitwa miravirsen, ni kipande cha kutengenezwa kinachoshikana na miR-122 chenyewe ili kirusi kiikose. Walianza na sokwe, halafu mwaka 2013 yakatoka matokeo ya wagonjwa 36, walichomwa sindano moja kwa wiki, sindano tano, na kadri dozi ilivyokuwa kubwa ndivyo virusi vilivyoshuka, na vikaendelea kushuka hata baada ya sindano kuisha, ila kwa wengi mwishowe vikarudi. Na ilikuwa mara ya kwanza dawa inayolenga maikroRNA kujaribiwa kwa wagonjwa namna hiyo. Lakini miaka hiyohiyo vikaja vidonge vinavyozuia vimeng'enya vya kirusi chenyewe, sofosbuvir na wenzake, wiki 12 hivi na zaidi ya 95% wanapona, kwahiyo njia ya miR-122 ikaachwa nyuma. Ndo hivyo vidonge alivyomeza yule rafiki wa Dar. C haina maficho kwenye kiini cha seli, ukiizuia isijizalishe kwa muda wa kutosha inaisha.

B ni habari nyingine kabisa. B ni kirusi cha DNA, kidogo, herufi kama 3,200, na kikiingia kinapeleka DNA yake mpaka ndani ya kiini cha seli na kuifunga kuwa duara dogo linalokaa pale miaka na miaka. Dokta alilichora hilo duara ndani ya lile duara dogo, akaligongagonga na kalamu, akamuambia mdogo wangu "dawa tulizonazo, tenofovir na nyingine, zinazuia kutoka kwa virusi vipya, ila hiki hazikifikii". Mdogo wangu akanyamaza akaiangalia ile karatasi muda mrefu. Nadhani ndo mara ya kwanza alielewa kwamba hajanyimwa kitu kwasababu ya hela.

Na kwa B ile miR-122 inafanya kazi ya kukandamiza. Kwenye tafiti za maabara ukiiongeza virusi B vinapungua, ukiitoa vinaongezeka, na kwenye maini ya watu wenye B sugu imekutwa imeshuka. Njia mojawapo iliyoelezwa ni hii, miR-122 huwa inaizuia protini inaitwa saiklini G1, na hiyo saiklini G1 ikizidi inaishikilia p53. p53 kwa wasioijua ni protini inayosimamia seli isigawanyike hovyo ikiwa DNA yake imeharibika, na tena huwa inazuia jeni za kirusi B zisisomwe. Kwahiyo miR-122 ikishuka, saiklini G1 inapanda, p53 inafungwa mikono, B inapumua. Na kirusi chenyewe kinachangia kuishusha, nakala za RNA zinazotolewa kwenye DNA yake zinainasa, na protini yake moja inayoitwa X inapunguza utengenezwaji wa miR-122. Hata C ikizidi kwenye seli inanasa miR-122 nyingi mpaka jeni zilizokuwa zinadhibitiwa nayo zinaachiwa, hiyo ilielezwa mwaka 2015. Sio miR-122 peke yake pia, kuna nyingine kama miR-199a-3p na miR-210 zimeonekana kupunguza B, ila nisiwachoshe.

Kwanini mgonjwa wa kawaida ajali haya? Kwasababu mwaka 2012 panya waliotengenezwa bila miR-122 kabisa walipata ini la mafuta, makovu, na baadae uvimbe wa saratani. Yaani hii kitu inapopungua miaka mingi ini linaweza kuwa kwenye hatari hata kama mtu hasikii maumivu yoyote, na B inakaa kimya hivyohivyo. Mdogo wangu hajawahi kuumwa siku hata moja, analima, anabeba magunia. Ndo maana dokta anamtaka arudi kila baada ya miezi kadhaa kwa vipimo vya ini, wingi wa virusi na ultrasaundi, na sio kusubiri macho yawe ya njano.

Halafu dokta akauliza kitu ambacho sikutegemea kuulizwa kliniki ya ini. Akauliza nyumbani mnahifadhi wapi mahindi na karanga. Watu wa huku mnakumbuka 2016, watu waliumwa na kufa kwa sumukuvu hapa Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 na vifo 20, mahindi yaliyoota ukungu. Ile sumu inaenda kwenye ini, na aina yake kali inayoitwa aflatoksini B1 (hii B1 haihusiani na kirusi B) inajulikana kuharibu jeni ya p53 mahali pamoja maalumu, namba 249. Unganisha sasa mwenyewe, kirusi kinashusha miR-122 na kuifunga p53 kwa upande wake, sumukuvu inakuja kuharibu jeni ya p53 ileile kwa upande mwingine, na mtu mwenye B anayekula nafaka yenye sumu uwezekano wake wa saratani ya ini unakuwa mkubwa kuliko wa mwenye kimoja tu. Kwa mkoa wetu hili nadhani ni la kusemwa kila kliniki, kila kanisa, kila msikiti. Akampa maelekezo ya kawaida tu, kaushia kwenye turubai sio udongoni, pukuchua bila kuvunja punje, chambua zilizobadilika rangi na kusinyaa uzitupe hata kuku usiwape, hifadhi pakavu. Akamkataza na pombe, hata ile mvinyo ya zabibu zetu.

Zile chupa je? Nilizibeba kwenye mfuko, nikaziweka mezani. Hakucheka wala hakumdhihaki shangazi, alisoma lebo moja moja akasema hakuna dawa moja inayotibu homa zote za ini, maana hata ndani ya seli virusi hivi vinataka vitu vinavyopingana, na nyingine kati ya hizi zinaweza kuliumiza ini lenyewe tukashindwa kujua kilichopandisha vipimo ni kirusi au ni chupa. Akamuomba aache zote. Hapo mi nilimpa heshima yangu yote, kwasababu alijibu kwa hoja na mgonjwa akazitupa mwenyewe kwa hiari yake.

Na jibu la sahani lilikuwa jepesi: kula na watu, beba watoto, kumbatia, B haiambukizwi kwa chakula wala jasho. Inapita kwenye damu, ngono, mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua, wembe na mswaki wa kuchangia. Waliobaki nyumbani wapimwe, na asiye nayo achanjwe. Tukawaleta. Shemeji hana, akaanza chanjo, mtu mzima ni sindano tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Watoto wadogo walishaipata kwenye ile chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14, kadi zao zikakaguliwa. Na hii ni muhimu sana, mtoto mchanga akiambukizwa karibu 95% inakuwa sugu, mtu mzima akiambukizwa ni chini ya 5%, kwahiyo wajawazito jamani pimeni.

Kitu kidogo nilichokipenda kwenye chumba cha chanjo, nesi alifungua friji nikaona kipimajoto kinaning'inia katikati na kwenye mlango kuna karatasi ya kuandika joto asubuhi na jioni, imejazwa mpaka jioni ya jana yake, na siku hiyo asubuhi, hakuna kisanduku kilichorukwa. Inatakiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Chanjo hii ikiganda imeharibika na huwezi kuijua kwa kuiangalia, kwahiyo ile karatasi ndo dhamana yako pekee. Ukienda kuchanjwa popote iombe uione, ni haki yako, mimi nimeshaanza kuiomba kila mahali.

Sasa mapungufu, na nayasema kwasababu nataka wadumu. Foleni. Dokta mmoja, anampa kila mgonjwa muda wa kutosha, matokeo yake waliofika saa nne wanaingia jioni, na viti vya kusubiria ni vichache, kuna bibi alikaa kwenye ngazi mpaka kijana mmoja akampisha. Wagawe namba za muda, au wamlete mtu wa pili wa kufanya ushauri ili dokta abaki na vipimo. La pili ni majibu ya wingi wa virusi, tuliambiwa yatakuja "wiki ijayo" na wiki hiyo ikapita na nyingine ikapita bila hata ujumbe wa simu, mgonjwa anayesubiri namba inayoamua kama anaanza dawa au haanzi hawezi kulala. Tulivyoenda kuulizia tukakuta yapo tayari kwenye jalada. Hiyo sio sawa hata kidogo, simu za wagonjwa wanazo. La tatu karatasi za elimu walizonazo pale mezani zimeandikwa kwa lugha ngumu na kwa Kiingereza, wakati dokta wao anaeleza kwa Kiswahili kizuri namna ile, wachukue ule mchoro wake tu wauchape.

Majibu ya mdogo wangu kwa anayetaka kujua: virusi vichache, seli haziumii, ini laini halina kovu, kwahiyo kwa sasa hajaanzishiwa vidonge, anafuatiliwa. Dokta alimueleza kwamba sio kila mwenye B anaanza dawa siku ya kwanza, wanaangalia wingi wa virusi, vipimo vya ini, kovu, umri na kama kwenye ukoo kuna saratani ya ini, na kwamba hali inaweza kubadilika ndo maana asipotee. Anaenda mwenyewe sasa, sihitaji kumsukuma.

Ukienda: fika mapema kabla jua halijawa kali maana kivuli cha nje ni kidogo, kama una ultrasaundi usile tangu usiku, beba kadi za kliniki za watoto, beba kila chupa na kila kidonge unachotumia hata kama unaona aibu, na waachie namba mbili za simu kisha uwapigie wewe baada ya wiki moja bila kusubiri wakupigie.